Tabaka jembamba la saruji ya mapambo juu ya sakafu ya zege iliyopo: mimi na fundi hatuelewani

ZegeLaZamani

Wakuu, heshima kwenu.

Nina sakafu ya zege iliyopigwa niru (uji wa saruji uliosuguliwa ukang'aa) miaka mingi iliyopita. Imepauka, upande mmoja una madoa ya mafuta, kona moja ilikuwa na kapeti na gundi yake bado imeganda pale, na kuna ufa mrefu unaotoka mlangoni kwenda dirishani. Vigae sivitaki. Vitapandisha sakafu mpaka milango yote ikatwe chini, na mimi napenda sakafu isiyo na mistari. Nimevutiwa na hii saruji yenye polima inayopakwa kwa mwiko, unene wa milimita mbili tatu, ikikauka inapigwa msasa kisha vanishi, inabaki na mawingu mawingu ya rangi.

Fundi niliyemwita kacheka. Anasema unga wa mifuko ni kulipia jina tu, yeye atakoroga saruji ya kawaida na rangi, apige niru nyingine juu ya hii na kesho yake tunahamia. Mimi sina fani ila roho inasita. Mwenye kuijua hii kazi atufungue macho. Naanza na nini? Na ule ufa?

NimekaaMkekani

Ngoja waje. Nafuatilia kwa ukaribu, sakafu yangu nayo inadai.

MwikoWaChuma

Mkuu, roho yako inasita kwa haki. Fundi wako niru anaijua, ila anaipeleka mahali si pake. Niru hupigwa juu ya sakafu ambayo bado mbichi. Saruji ya juu na ya chini zinakomaa pamoja, zinakuwa kitu kimoja. Sasa wewe zege lako limeshakomaa zamani. Ukilipaka uji wa saruji tupu wa milimita mbili, zege linafyonza maji kutoka chini, hewa inayachukua kutoka juu, na saruji inaachwa kavu kabla haijamaliza kazi yake. Saruji haikauki kama udongo. Inahitaji maji yabaki nayo ili ikomae. Ikinyimwa inasinyaa, inajaa nyufa ndogondogo, kingo zinajikunja, halafu inabanduka vipande vipande kila unaposogeza kiti.

Polima ndiyo inayofanya wembamba uwezekane. Ni chembe za plastiki, mara nyingi akriliki, zilizosagwa ndani ya unga au zikaja kama maziwa ya kuchanganyia. Maji yanapopungua, chembe hizo zinaungana kuwa utando ndani ya saruji. Utando huo unashikilia tabaka kwenye zege, unapunguza kasi ya maji kutoroka, na unalipa tabaka uwezo wa kunyumbuka kidogo. Hapo ndipo unaweza kupaka koti lisilofika hata milimita moja na likadumu.

Lakini usidhani mfuko ndio utakaokuokoa. Tabaka la milimita mbili halina nguvu yake lenyewe. Kila kilichopo chini kitajitokeza juu: mafuta, unyevu, ufa, sehemu iliyoachia. Mimi kwenye kazi za namna hii muda mwingi unaishia kwenye kuandaa zege, na kupaka kunakuja kama malipo. Kwa hiyo usinunue chochote kwanza. Chunguza sakafu.

BiTindo

Nakazia hapo kwa MwikoWaChuma. Uchunguzi wenyewe hauna gharama, fanya leo leo.

Chukua nyundo ndogo au hata bolti zito, piga magoti, gongagonga sakafu yote kwa mistari, hatua fupi fupi. Zege zima linajibu kwa mlio mkali, mfupi, unausikia mpaka kwenye kiwiko. Ukifika mahali niru ya zamani imeachia, mlio unageuka unakuwa wa ndani, wa uwazi, kama kugonga mtungi mtupu. Zungushia chaki hapo. Sehemu hizo zinakatwa na kutolewa zote, hata kama kwa macho zinaonekana nzuri kuliko kwingine.

Halafu maji. Dondosha matone sehemu mbalimbali: katikati, pembeni, palipo na madoa, karibu na mlango. Tone likitambaa na kufanya doa jeusi ndani ya dakika moja hivi, zege linakunywa, na linalokunywa litashika. Tone likisimama mviringo linang'aa, kuna kitu juu: nta, mafuta, vanishi ya zamani, au niru yenyewe imesuguliwa mpaka ikafunga vitundu. Hapo hakuna koti litakaloshika mpaka ukwangue.

La mwisho ni unyevu unaotoka ardhini. Kata plastiki nene kidogo, karibu sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa tepu pande zote nne isiingie hewa. Utaratibu rasmi wa shirika la viwango la Marekani, ASTM D4263, unataka isipungue saa 16. Mimi napenda ikae zaidi, siku mbili au tatu. Ukifunua ukakuta umande chini ya plastiki au zege limekuwa jeusi kuliko jirani yake, simama kwanza. Na ujue kwamba plastiki ikiwa kavu haimaanishi zege ni kavu ndani. Kwa kipimo cha uhakika hutobolewa shimo hadi asilimia 40 ya unene wa zege, kwa zege linalokaukia upande mmoja, na kuwekwa kifaa cha kupima unyevu humo. Kwa sakafu isiyo na historia ya chumvi nyeupe wala kapeti kuoza, plastiki na macho yako vinatosha kukuambia uendelee au uite mtu mwenye kifaa.

ZegeLaZamani

Asanteni sana. Dada BiTindo, hiyo ya nyundo nimeifanya muda huu huu. Karibu na mlango kuna eneo la ukubwa wa sinia linalia mtungi kabisa. Sikuwahi kulijua, na ule ufa unapita pembeni yake.

Maji: katikati yananywewa polepole, upande wa madoa na sehemu kubwa ya niru tone linasimama tu. Plastiki nimebandika, nitaleta majibu.

Fundi kashauri nimwagie asidi kila mahali, anasema inafungua vitundu bila vumbi. Mnasemaje?

KaziNgumuTu

Asidi ni njia ya mkato tu mkuu, nimeona watu wengi wanaitumia na sakafu ziko hai. Maji, asidi, fagia, suuza. Siku moja.

MwikoWaChuma

KaziNgumuTu, inaweza kufanya kazi kwenye zege lililo wazi. Kwa sakafu ya mwenye uzi mimi sishauri, na sababu ameshazitaja mwenyewe. Asidi ya haidrokloriki inakula chokaa iliyomo kwenye saruji, basi. Haigusi mafuta, haigusi nta, haigusi gundi ya kapeti. Inapokutana navyo inateleza juu inaenda kula pengine. Matokeo yake unapata sakafu iliyoliwa palipokuwa pazuri na isiyoliwa palipokuwa pabaya. Isitoshe inaacha chumvi zinazopaswa kuzimuliwa na kuoshwa mara kadhaa, na umeloweka zege ambalo ulitaka liwe kavu. Mvuke wake unachoma macho na mapafu, na chuma chochote kilicho karibu kinaanza kutu.

Ukilazimika, asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Glovu za mpira, miwani, madirisha wazi, na baada yake magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye maji ya kutosha kuizima, kisha unasuuza na kunyonya maji yote.

Njia inayoaminika ni kukwangua kwa almasi. Grainda yenye kikombe cha almasi, ifunikwe kava linalounganishwa na mashine ya kunyonya vumbi. Kwa eneo kubwa kuna mashine ya kusimama nayo. Lengo si kuchimba. Unataka ule mng'ao wa niru utoke, chembe za mchanga zianze kuonekana, na ukipitisha kiganja kikwaruzike kama umegusa msasa. Wenzetu wa International Concrete Repair Institute wana vibao vya mfano vya kulinganishia ukwaru, kuanzia CSP 1 (laini) hadi 10 (kwaru kabisa); koti jembamba kama hili linataka 2 hadi 3 hivi. Ukichimba zaidi, mifereji ya kikombe itaonekana kwenye finishi na utatumia unga mwingi kuifukia.

BiTindo

Kabla hajawasha hiyo grainda: VUMBI. Samahani kwa herufi kubwa. Zege lina mchanga, mchanga una silika, na vumbi lake laini haliwezi kuonwa likielea. Linaingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna tiba, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi hilo la kazini kundi la 1 la visababishi vya saratani. Kitambaa puani ni mapambo. Tafuta barakoa ya kuzuia chembe, N95 kwenda juu, ikae sawasawa usoni, na mashine ya kunyonya yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini kabisa. Usifagie kwa ufagio mkavu.

Na ile gundi: ni ya rangi gani? Kama ni nyeusi inayofanana na lami, na sakafu ni ya zamani sana, usiikwangue kwa mashine mpaka ipimwe. Gundi nyeusi za zamani na vigae vya plastiki vya enzi hizo mara nyingine vilitengenezwa kwa asbestosi, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

ZegeLaZamani

Ni ya njano dada, ngumu kama pipi.

BiTindo

Haya, afadhali. Itoe kwa mpapuro wa chuma wenye wembe mpya kabla ya grainda. Ukiipeleka grainda moja kwa moja itapata joto, italainika na kupaka kikombe chote. Usitumie pia dawa ya kuyeyusha, inaishusha gundi ndani ya vitundu vya zege na baadaye itakuwa mpaka kati ya zege na koti lako. Madoa ya mafuta sugua kwa sabuni kali ya kuondoa grisi, suuza, rudia, ndipo ukwangue. Ukimaliza dondosha maji tena. Pasipokunywa, rudi nyuma.

ZegeLaZamani

Mrejesho wakuu. Plastiki zote tatu ni kavu, hakuna umande. Gundi imetoka. Ile sehemu ya sinia nimeichokonoa kwa tindo ikanyanyuka yote kwa mkupuo mmoja, chini kuna vumbi laini la kijivu, inaonekana walipiga niru juu ya vumbi. Sasa tuongee ufa.

MbunifuWaNdani

Ufa si tatizo. Panua kidogo, jaza epoksi (gundi ya sehemu mbili inayoganda ngumu), laza wavu wa nyuzi za kioo juu yake, paka koti juu. Nimeshuhudia sakafu kadhaa zilizofanywa hivyo, zinapendeza.

MwikoWaChuma

Inategemea ufa, mkuu. Kuna ufa uliokufa na ufa unaoishi. Uliokufa ulitokea zege liliposinyaa wakati linakomaa, ukaishia hapo. Huo fanya alivyosema MbunifuWaNdani, utakaa. Unaoishi bado unafungua na kufunga kwa joto na baridi, au ardhi chini inatembea. Huo hata ungelaza wavu tabaka tatu utarudi juu, labda hatua mbili pembeni ya pale ulipokuwa. Wavu unasambaza mkazo, haushiki zege lenye tani kadhaa lisisogee.

MbunifuWaNdani

Sasa mtu wa kawaida atajuaje kama unaishi? Tukisema hivyo kila mtu ataogopa ufa.

MwikoWaChuma

Anaujaribu. Koroga jasi kidogo, paka kipande chembamba kikatize ufa, ukubwa wa kidole gumba, sehemu tatu za urefu wake. Andika tarehe kwa penseli pembeni. Jasi haina uvumilivu, ikivutwa kidogo tu inapasuka. Iache ipite siku za joto na za baridi. Tazama pia kama upande mmoja wa ufa uko juu kuliko mwingine: pitisha ukucha. Ukucha ukigonga ngazi, huo si ufa wa kusinyaa, zege limeshuka, na hilo ni suala la msingi kabla ya mapambo.

Ukikuta unaishi, una njia mbili za kweli. Ama uufanye kiungo rasmi: koti likishakauka unakata mstari mnyoofu juu yake na kujaza silanti inayonyumbuka ya rangi inayoshabihiana. Ama ukubali kuonekana kwake. Vivyo hivyo kwa viungo vilivyokatwa makusudi kwenye zege tangu mwanzo, usivifukie. Viliwekwa ili zege lipasukie pale, na litaendelea kupasukia pale pale.

ZegeLaZamani

Ukucha haugongi ngazi. Jasi nimepaka. Nitasubiri, sina haraka.

NimekaaMkekani

Huu uzi uwekwe pale juu kabisa. Swali la pembeni: mimi sakafu yangu ina mabonde, maji yakimwagika yanakusanyika katikati. Hili koti litasawazisha?

MwikoWaChuma

Halitasawazisha. Koti linafuata umbo la chini yake. Laza rula ndefu ya mita mbili, angalia mwanga unaopita chini. Bonde linalozidi milimita tatu hivi lijaze kwanza. Kama chumba kizima kina mabonde, tumia saruji ya kujisawazisha yenyewe, ambayo humwagwa kwa unene wa milimita kadhaa kutegemea bidhaa. Hiyo ni kazi nyingine na inataka mikono mingi, maana haikusubiri.

ZegeLaZamani

Nimerudi. Vipande vyote vya jasi ni vizima. Nimejaza ufa kwa epoksi na kumwagia mchanga mkavu juu ikiwa bado mbichi, kama maelekezo ya kopo yalivyosema. Sehemu ya sinia nimeijaza, sakafu nzima imekwanguliwa na kunyonywa vumbi. Sasa maji yananywewa kila mahali. Fundi naye kaja kushuhudia, kaguna tu.

Nipeni hatua za kupaka. Na fundi anauliza kama gundi nyeupe ya mbao inafaa badala ya praima, ile dawa ya kushikisha inayopakwa kabla ya koti.

MwikoWaChuma

Gundi ya mbao hapana. Ikilowa tena inalainika, na siku ukipiga deki maji yakapenya, koti linaelea juu ya uji. Tumia praima inayotajwa kwenye mfuko ule ule unaoununua. Ipake kwa brashi au rola, ukiisugua iingie, na usiache vidimbwi. Kidimbwi cha praima kikikauka kinakuwa kioo, na kioo hakishikwi na saruji. Muda wa kusubiri soma mfukoni: nyingine zinataka koti lipakwe zikiwa bado zinanata, nyingine zikauke kabisa. Kuna mifuko isiyotaka praima ya maziwa kabisa, inataka zege lilowekwe lishibe, kisha uso wake ufutwe usiwe na maji yanayong'aa.

Hesabu ni rahisi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya mchanganyiko. Chumba cha mita 20 za mraba kwa jumla ya milimita mbili kinataka lita 40 zilizokorogwa, ongeza kidogo kwa kinachobaki ndooni na kinachomezwa na vitundu. Mfuko utakuambia unatoa lita ngapi.

Rangi. Tumia oksaidi ya chuma, haipauki kwa jua wala haiuawi na ukali wa saruji. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Kikomo ni asilimia 10 ya uzito wa saruji, na ukishavuka 5 au 6 rangi haiongezeki sana, unadhoofisha tu. Kama unga ni wa mifuko kadhaa, changanya yote ikiwa mikavu kwanza, au pima rangi ya kila ndoo kwenye vifuko mapema. Ukianza kukadiria katikati ya kazi, sakafu itakuwa na rangi mbili na hakuna msasa utakaoziunganisha.

Kukoroga: maji safi yanatangulia ndooni, unga unafuata. Drili ya mwendo wa polepole. Mwendo kasi unaingiza hewa, na hewa hiyo itakutokea juu ya sakafu kama vitundu vya sindano. Ikishalainika iache dakika mbili tatu, koroga tena kidogo. Kuanzia hapo una kama dakika 20 hadi 30, pungufu ya hapo kukiwa na joto. Ikianza kukaza USIONGEZE maji. Imwage. Na osha ndoo kila mkorogo, mabaki yaliyoanza kukaza yanauharakisha mkorogo unaofuata.

FundiMwenyewe

Jamani mimi ndiye huyo fundi mnayemsema 😂 Mwenye nyumba kanitumia uzi, nimeusoma wote. Nipeni na mimi haki yangu: niru nimepiga tangu ujana na haijanirudia. Ila hii ya juu ya zege kavu nakubali nilikuwa nafuata mazoea. Swali langu la kifundi: mwiko unaushikaje? Maana koti la nusu milimita linafuata mwiko, linachanika.

MwikoWaChuma

Karibu sana fundi, sasa tumepata mtu wa kazi!

Unaushika kama mwiko wa niru, ambao unainua ukingo na kubana kwa nguvu uso ung'ae. Koti la kwanza libane kweli, mwiko ukiwa umeinama, kama unaziba vitundu vya zege, usiache unene. Chembe za mchanga ndizo zitakuambia unene. Mwiko unatembea juu yao. Koti la pili laza mwiko karibu ubapa, nyanyua ukingo wa mbele kidogo tu, na uvute kwa mapinde yanayopishana, mkono wote kuanzia begani. Mwiko wenye kona za mviringo hauachi mistari. Likianza kuchanika ujue ama zege limekunywa maji haraka, ama umelirudia likiwa limeanza kukaza. Kulirudia ndiko kunakowaponza mafundi wa niru, mkono umezoea kusugua mpaka mwisho. Chuma kikisugua koti linalokaza kinaacha alama nyeusi zisizotoka. Paka, pitisha mara moja au mbili, ondoka.

Mmoja akoroge, mwingine apake. Anzeni kona ya mbali, rudini mlangoni, na ukingo wa kazi usikauke kabla ya mkorogo mwingine kuukuta. Feni zizimwe, madirisha yafungwe, jua lisipige sakafu. Kinga za magoti na glovu ni muhimu, maji ya saruji ni makali, ngozi huunguzwa bila maumivu ya mapema.

BiTindo

Kati ya makoti: likiweza kukanyagwa, papura matuta kwa wembe mpana, msasa namba 80, nyonya vumbi lote. Baada ya koti la mwisho msasa 120, ukitaka laini zaidi nenda 220. Msasa ndio unaotoa yale mawingu. Usisugue mahali pamoja mpaka rangi ionekane tofauti, tembea chumba kizima.

Na kabla ya chumba: kipande cha majaribio, ndani ya chumba hicho hicho, mahali pa kabati. Hatua zote mpaka vanishi. Kikishakomaa kipige tindo.

FundiMwenyewe

Tumefanya kipande juzi, leo nimekipiga tindo. Kimenisumbua. Kilipotoka kimetoka na chembe za zege lenyewe mgongoni, zege limekatika kabla ya gundi yake. Hapo sina neno. Tunaanza chumba.

MamaWaMaua

Nimechelewa uzi ila naomba kuuliza, bafuni inafaa? Na juu ya vigae?

BiTindo

Bafuni inafaa kama umeshazuia maji kabla. Koti hili si kizuizi cha maji, hata likipakwa vanishi. Mteremko uwe sahihi, utando wa kuzuia maji uwekwe, kisha koti, na kwenye vanishi ya mwisho uchanganywe mchanga laini wa kuzuia utelezi, la sivyo mtu ataanguka. Juu ya vigae inawezekana kama hakuna kinacholia mtungi, mng'ao ukwanguliwe na mifereji ijazwe mpaka iwe sawa na vigae. Mifereji isipojazwa vizuri mistari itachungulia juu.

ZegeLaZamani

Wakuu, makoti mawili tayari, msasa umepita, na kusema kweli hata bila vanishi nashindwa kutoka humo ndani. Sasa vanishi ipi? Dirisha langu linapata jua la jioni, na jikoni iko jirani.

MwikoWaChuma

Kwa jua hilo vanishi ya epoksi iache, inageuka njano. Poliurethani ya maji, makoti mawili membamba badala ya moja nene. Kabla ya kupaka bandika tena kipande cha plastiki usiku kucha. Kukiwa na umande subiri, maana unyevu ukifungiwa chini unageuza vanishi nyeupe kama ukungu. Rangi itakolea kidogo ikipata vanishi, ulishaiona kwenye kipande cha majaribio.

Kwa jikoni kumbuka saruji inaliwa na chochote kichachu. Ndimu, siki, nyanya. Vanishi inakupa muda wa kufuta, haikupi ruhusa ya kuacha mpaka kesho. Deki kwa sabuni isiyo kali.

Kutembea kwa soksi kesho yake sawa kama kopo linaruhusu. Fanicha nzito ipe siku saba. Na miguu ya viti ibandikwe vitambaa.

ZegeLaZamani

Na zulia? Mama kashanunua zulia, liko mlangoni linasubiri.

BiTindo

Zulia lingoje zaidi kuliko fanicha, vanishi ipumue ikomae. Ligeuze uangalie mgongo wake. Kama ni wa mpira, mwambie mama alibadilishe; mpira unatoa mafuta yanayoacha doa la njano kwenye vanishi na halifutiki.

ZegeLaZamani

Ni wa mpira 😅 Naenda kumwambia.